Kituo cha fiziotherapia kinachopima nguvu za paja kabla ya kukuruhusu kurudi uwanjani

Kwa mchezaji wa ndondo, yaani soka la mtaani, aliyefanyiwa upasuaji wa kuunda upya kano ya mbele ya goti, ile ambayo wengi wetu huiita ACL, Dar es Salaam haikosi mahali pa kukandwa na kuwekewa barafu. Kilicho adimu ni mahali pa kujengewa nguvu. Kituo ninachokieleza hapa kipo upande wa Kinondoni, nami sitakitaja jina kwa sababu nina malalamiko nacho pia. Kilinihudumia tangu nilipoacha magongo hadi niliporuhusiwa kucheza.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakiogopi vyuma. Mwanzoni kazi ni ndogo: uvimbe ndani ya goti huufanya msuli wa mbele wa paja ugome kukaza hata mwenyewe ukitaka, kwa hiyo mtaalamu aliweka kiganja chake juu kidogo ya pia ya goti, akanitaka nikaze, na hakuniongezea chochote mpaka alipouhisi msuli ukiinuka na goti likaweza kunyooka kabisa. Baada ya hapo uzito hupanda bila huruma, kwa kuchuchumaa, kusukuma mashine kwa miguu, na kupanda kijukwaa kwa mguu mmoja. Kwenye mashine ya kunyoosha goti ukiwa umekaa, huweka kizuizi katika hatua za awali ili mguu usifike mwisho na kuivuta kano mpya, ambayo miezi ya mwanzo bado ni dhaifu. Goti likivimba siku inayofuata, vyuma vinapunguzwa, na hakuna mjadala.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo linalohalalisha gharama, ni upimaji. Wapo wanaohesabu miezi 6 kwenye kalenda kisha wakamwambia mchezaji avae njumu, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wataalamu wa Norwei na Marekani ulionyesha kuwa kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia miezi 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena goti kwa asilimia 51. Kituo hiki hakimruhusu mtu kabla ya muda huo, na hata ukifika, hudai mguu uliopasuliwa ufikishe angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, pamoja na majaribio ya kuruka kwa mguu mmoja. Nilipenda zaidi kwamba mtaalamu hakuridhika na umbali nilioruka. Alirekodi video na kunionyesha kuwa natua kwa kutumia nyonga na kifundo cha mguu huku goti likikwepa kazi yake. Pia alipima mguu usiopasuliwa mapema kabisa, kwa kuwa nao hunyong'onyea katika miezi ya kukaa, na asilimia 90 ya mguu uliodhoofika si kitu cha kujivunia.

Udhaifu wao unaanzia pale jimu inapokwisha. Hakuna uwanja wala mpira, hivyo kugeuka ghafla, kufunga breki na kugombea mpira ukiwa umechoka, yaani mazingira yale yale yanayochana kano, unaachiwa ukajifunze mwenyewe. Mimi nilimtegemea kocha wa timu yetu, tukaanza na FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili yaliyoundwa kupunguza majeraha ya soka, ambayo huchukua takriban dakika 20 na yana mbio, nguvu na kuruka, kisha nikaingizwa taratibu katika mazoezi ya kugusana. Asiye na kocha mwelewa atakwama hapo.

Jioni foleni ya mashine ni ndefu, na mtaalamu mmoja husimamia watu wengi kwa pamoja. Anayeweza aende asubuhi. Malipo ni ya kila kipindi, hakuna punguzo kwa anayelipia mapema, na bima yangu haikuyagusa. Kabla ya siku ya vipimo, ulizeni kama bei yake imo ndani ya kipindi, kwa sababu mimi nilitozwa vyote viwili na maelezo niliyapata nikiwa tayari dirishani pa malipo.