TAHADHARI: Muuzaji wa pikapu "za kuvuta tela" hapa Dodoma anabandika nembo ya 2.8 kwenye gari la 2.4

Ndugu zangu wa Dodoma na mikoa jirani, hasa ninyi mnaotafuta pikapu ya kuvuta tela la kulala kwa shughuli za utalii, utafiti au safari za familia, naomba msome tahadhari hii kabla hamjatoa hata shilingi moja ya arubuni. Mimi ni fundi wa magari hapa mjini, na katika kipindi kifupi gereji yetu imeletewa pikapu kadhaa zilizouzwa na mtu yuleyule, kwa maneno yaleyale, zote zikiwa na kasoro zinazofanana. Jina lake silitaji kwa sababu mmoja wa wanunuzi ameshafungua jalada polisi na sitaki kuliharibu shauri lake, lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa mbinu hizi mwingine yeyote anaweza kuziiga.

Muuzaji huyu hutangaza pikapu za Toyota Hilux, na mara chache Ford Ranger, akidai kwamba zimeandaliwa kuvuta tani tatu na nusu. Bei yake huwa chini kidogo kuliko ya yadi nyingine, si chini kiasi cha kumtia mtu shaka. Mteja akipiga simu huambiwa kwamba gari limetoka Japani moja kwa moja, injini yake ni ya lita 2.8, chuma cha kuvutia tela kimefungwa kiwandani, na yupo mteja mwingine kutoka Singida anayekuja kulichukua kesho, kwa hiyo arubuni itumwe leo kwa simu. Jina linalotokea wakati wa kutuma fedha si la muuzaji, wala si la mtu aliyeandikwa kwenye kadi ya gari.

Nianze na injini, kwa kuwa hapo ndipo wengi wameumia. Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2015 zina injini mbili za dizeli ambazo mtu asiyezizoea hawezi kuzitofautisha kwa macho: ya lita 2.4, ambayo mafundi tunaiita 2GD, na ya lita 2.8, ambayo ni 1GD. Kwa nje, tofauti anayoiona mnunuzi ni nembo tu, na nembo ni kipande cha plastiki kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri na kubandikwa kwa gundi. Katika pikapu tulizozikagua, nembo ya 2.8 ilikuwa mpya na inang'aa kuliko maandishi mengine yote ya gari, na kwenye mojawapo mabaki ya gundi ya nembo iliyotangulia yalikuwa bado yanaonekana pembeni.

Ukweli wa injini umeandikwa mahali ambapo nembo haiwezi kufika. Soma kwanza ujazo wa injini kwenye kadi ya gari: injini ya 2.4 ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na ya 2.8 ina 2,755. Kisha soma kibao cha kiwanda kwenye gari lenyewe. Hilux ya 2.4 inayovuta kwa magurudumu manne huandikwa GUN125, na ya 2.8 huandikwa GUN126. Mwisho, fundi akuoneshe namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe, ambayo huanza na 1GD au 2GD. Kwa wale wanaotazama Hilux za kizazi kilichotangulia, zile tunazoziita Vigo, udanganyifu ni uleule kati ya injini ya 2.5 na ya 3.0: ya kwanza ina ujazo wa 2,494 na huandikwa KUN25, ya pili ina 2,982 na huandikwa KUN26. Taarifa hizi tatu, yaani za kadi, za kibao na za namba ya injini, zikipingana, au muuzaji akikupa picha ya kadi iliyofifia mahali pa ujazo wa injini kama alivyowafanyia wateja wetu, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Sisemi kwamba injini ya 2.4 ni mbaya. Ni injini nzuri, na kwa kazi nyingi za hapa kwetu inatosha kabisa. Lakini nguvu yake ya mzunguko (torque), ile inayosaidia gari kuvuta mzigo mlimani, ni newtonimita 400, wakati ya 2.8 yenye gia za otomatiki ilianza na 450 na kufikishwa 500 katika maboresho ya mwaka 2020. Kwenye lami tambarare ya kuelekea Bahi dereva hataiona tofauti hiyo. Ataiona akianza kupanda Saranda kwenda Manyoni, au Nyang'oro baada ya kupita Mtera, jua likiwa kali, huku tela lililojaa likimvuta nyuma na sindano ya joto ikipanda. Aliyelipia gari la 2.8 ana haki ya kupewa 2.8.

Na madai ya Japani pia yachunguzwe. Toyota iliacha kuuza Hilux katika soko la Japani mwaka 2004 na haikurudi hadi mwaka 2017, na iliporudi ilirudi na injini ya 2.4. Kwa hiyo mtu akikuuzia Hilux ya mwaka 2013 kwa kukuapia kwamba ilikuwa inatumika Japani, anakudanganya, na akikuambia kwamba Hilux ya 2018 ya dizeli iliyotoka Japani ina injini ya 2.8, anakudanganya vilevile. Hilux nyingi tunazoziona barabarani zimetengenezwa Thailand au Afrika Kusini. Namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17 inayoanza na MR0 ni ya Thailand, na inayoanza na AHT ni ya Afrika Kusini. Hakuna aibu yoyote katika gari la Thailand. Tatizo ni kwamba muuzaji huyu anatumia hadithi ya Japani ili mnunuzi aamini kilomita chache zilizoandikwa kwenye dashibodi, ilhali usukani uliochubuka, pedali zilizolika na kiti cha dereva kilichobonyea vinasema mengine.

Sasa hiyo namba ya kilo 3,500. Haikubuniwa na muuzaji; zipo pikapu ambazo watengenezaji wameziruhusu kuvuta uzito huo, ila kwa sharti kwamba tela liwe na breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kikomo chake kwa pikapu nyingi za aina hii ni kilo 750. Muuzaji huitaja namba na kuliacha sharti, na huacha jambo jingine ambalo naliona kubwa zaidi: kila pikapu ina kikomo cha uzito wake yenyewe ikiwa na watu na mizigo, na ina kikomo kingine cha gari na tela kwa pamoja. Chukulia pikapu ambayo kikomo chake cha pamoja ni kilo 6,000. Ukifunga tela la kilo 3,500, gari linabakiwa na kilo 2,500. Pikapu ya milango minne ikiwa tupu inaweza kufika kilo 2,200, hivyo zinabaki kilo 300 kwa dereva, abiria wanne, friji, hema la juu ya paa, magurudumu ya akiba na kila kitu mlichopakia kwenye bodi. Watu watano wazima peke yao wanaweza kuzimaliza.

Tena, pua ya tela hukandamiza nyuma ya gari kwa takribani asilimia 10 ya uzito wa tela, na uzito huo unahesabiwa kuwa ni mzigo wa gari. Tela la kilo 3,500 linaweka kilo 350 kwenye kile chuma cha nyuma kabla hujapakia hata begi. Uzito anaokutajia muuza tela nao mara nyingi ni wa tela tupu. Ukijaza tangi la maji la lita 200 umeongeza kilo 200, na bado hujaweka gesi, magodoro na vyakula. Namshauri kila mwenye tela alipime likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, kwenye mizani ya ghala la nafaka au mahali pengine panapopima malori, kisha ndipo atafute pikapu. Anayeanza kwa kununua pikapu halafu akatafuta tela hujikuta analazimisha hesabu zikubaliane na gari alilokwisha kulilipia.

Kasoro iliyonitia hofu zaidi, hata kuliko nembo, ni ya chasisi. Pikapu mbili kati ya zile zilizoletwa kwetu zilikuwa zimepinda au kupasuka chasisi nyuma kidogo ya kabini, zikachomelewa, kisha zikapakwa rangi nzito nyeusi upande wote wa chini ili mchomeleo usionekane. Chanzo chake si kigumu kuelewa: tela zito likining'inia nyuma ya ekseli, kwenye barabara ya makorongo, hukandamiza mwisho wa chasisi kila gari linaporuka, na sehemu inayochoka kwanza ni ile iliyo kati ya kabini na bodi. Mmoja wa wanunuzi hawa huwapeleka wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, ambayo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Mchomeleo wa gari lake uliachia akiwa kwenye barabara ya vumbi, tela likiwa nyuma na wageni wakiwa ndani. Alikuwa anakwenda taratibu, na tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Lingemtokea kwenye mteremko wa Nyang'oro, akiwa na lori mbele yake, leo tungekuwa tunazungumzia misiba.

Ukaguzi wa chasisi hauhitaji mitambo. Simama pembeni mwa gari na utazame ule uwazi kati ya kabini na bodi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ujue nyuma ya chasisi imeshuka. Kisha lala chini na tochi, ufuate chuma cha chasisi kuanzia kabini hadi mwisho, pande zote mbili, ukikipapasa kwa mkono, kwa sababu mchomeleo uliofichwa kwa rangi mkono huugundua kabla ya jicho. Rangi mpya nyeusi chini ya gari la miaka mingi ni sababu ya kutosha ya kuuliza maswali. Muuzaji ninayemzungumzia huwaambia wateja kwamba hiyo ni dawa ya kuzuia kutu, na hukataa katakata ikwanguliwe hata mahali padogo.

Kile chuma cha kuvutia tela nacho, anachosema ni cha kiwandani, katika magari yote tuliyoyaona kilikuwa kimechomelewa mtaani kwenye bamba la nyuma badala ya kufungwa kwa boliti kwenye chasisi. Hakina kibao kinachoonesha uzito kinaoubeba, na hakuna soketi ya umeme wa taa na breki za tela. Chuma cha namna hiyo hakifai kuvutia hata tela dogo la maji.

Majaribio ya barabarani huyafanya kwa ujanja. Humzungusha mteja mjini kwenye lami tambarare, bila tela, injini ikiwa tayari imepashwa moto kabla mteja hajafika. Mtake akuruhusu uliwashe gari likiwa baridi, na ulipeleke na tela lako kwenye mwinuko, hata kama ni ule wa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa gari la gia za mkono, ingiza gia ya juu ukiwa kwenye mwendo mdogo na ukanyage mafuta. Mlio wa injini ukipanda huku mwendo haupandi, klachi imekwisha. Kwa otomatiki, fundi atoe mafuta ya giaboksi kidogo ayatazame na kuyanusa, maana mafuta yaliyogeuka kahawia na kunuka kuungua yanaonesha kwamba gari limeshavutishwa kupita uwezo wake.

Anayeendelea na ununuzi, kwa muuzaji yeyote, aandikiane mkataba mbele ya wakili, na ndani ya mkataba huo yaandikwe ujazo wa injini, namba ya chasisi, namba ya injini na uzito ambao muuzaji anadai gari linaweza kuvuta. Muuzaji huyu hutoa risiti yenye maneno "gari limeuzwa kama lilivyo" na hataki kuandika kingine chochote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, lakini ili sheria ikusaidie lazima uwe na maelezo hayo kwa maandishi. Uhakiki wa kadi ufanyike TRA kabla ya malipo, na fedha ziende kwa mwenye jina lililo kwenye kadi hiyo.

Waliokwisha kununua kwake wasivute tela tena hadi chasisi ikaguliwe na fundi asiyefahamiana na muuzaji. Tangazo lake lipigwe picha kabla halijafutwa, na ujumbe wa simu, miamala na risiti zihifadhiwe, kisha taarifa ipelekwe kituo cha polisi na malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani. Aliyetuma arubuni leo na bado hajakabidhiwa gari aipigie kampuni yake ya simu sasa hivi aombe muamala uzuiwe, kwa kuwa fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuirudisha.