Gundi ya "plastiki zote" imenipiga changa la macho

Naandika haya hasira zikiwa hazijapoa, kwa hiyo anayetafuta maneno ya upole apite tu.

Gundi ninayoizungumzia ni ile ya sirinji pacha: upande mmoja utomvu wa epoksi, upande wa pili kigumisho, unabonyeza vinatoka pamoja, unakoroga, unapaka. Jina silitaji. Za aina hii ziko nyingi na zote zina sura moja. Hii yangu mbele ya pakiti imeandikwa kwa herufi nene kwamba inashika PLASTIKI ZOTE, na chini ya maneno hayo kuna picha ya bampa la gari. Ikumbukeni hiyo picha ya bampa.

Kilichopasuka kwangu si bampa, ni tangi la akiba la maji ya rejeta. Wenye magari yaliyokula miaka wanalijua hili. Plastiki iliyokuwa nyeupe, unayoona maji ndani yake, inageuka njano, halafu kahawia, halafu siku moja unakuta unyevu kwenye mshono, na ukipapasa, kucha inanasa. Ufa wenyewe ulikuwa mdogo, chini kidogo ya shingo ya mfuniko. Hata kumwaga haukuwa ukimwaga, ulikuwa ukitona tu injini ikiwa moto. Nikasema hiki ni kitu cha gundi.

Na kazi niliifanya sawasawa, naomba hilo lieleweke mapema, maana mbele ya safari kuna mtu atakuja kuniambia sikusafisha. Tangi nililitoa kwenye gari. Nikaliosha kwa sabuni, nikalisuuza, nikaliacha likauke ndani na nje. Kila ncha ya ufa nikaitoboa kwa drili yenye kijiti chembamba, kwa sababu ufa usiokatwa njia unaendelea kutembea chini ya gundi bila wewe kuuona. Nikauchimba ufa ukawa na umbo la V ili gundi iingie, isikae juu juu. Nikapiga msasa namba 80 mpaka mng'ao wote ukaisha. Nikafuta kwa spiriti, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Nikachanganya nusu kwa nusu mpaka rangi ikawa moja. Pakiti ilisema baada ya saa 1 unaweza kutumia; mimi nikaliacha usiku kucha na mchana wake.

Ikakauka vizuri mno. Ngumu, ukigonga kwa ukucha inalia. Nilijisifu, na aliyekuwa karibu nikamwonyesha.

Sasa fikirini tangi hilo linapitia nini. Injini ikishapata moto, maji yake yanakuwa kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi, na pengine yanazidi ukiwa umekwama kwenye foleni. Mfuniko umetengenezwa uyabane: aghalabu unaachia presha ikifika karibu bar 1 juu ya ile ya hewa ya nje, ndiyo maana maji hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Kwa hiyo tangi linasukumwa kutoka ndani, linapata moto, linatanuka, ukizima linapoa na kusinyaa. Kila siku hivyo hivyo. Pakiti ilidai gundi inahimili nyuzi 120, na ninaamini kabisa inahimili. Moto haukuifanya chochote, na hapo ndipo penye uchungu.

Safari ya mwanzo ilikwenda salama. Ya pili pia. Halafu, katikati ya msururu wa magari, mshale wa joto ukaanza kupanda, na harufu ile tamutamu ya kulanti, dawa ya maji ya rejeta, ikaingia ndani ya gari. Nikasogea pembeni, nikazima, nikasubiri. (Kwa asiyejua: usifungue mfuniko huo injini ikiwa moto, maji yanakurukia usoni.) Nilipoinua boneti, gundi niliikuta imelala karibu na betri. Nzima. Haikuvunjika, haikulainika, haikuungua. Ilibanduka kama gamba la kidonda kilichopona, na upande wake wa chini ilikuwa imenakili kila mkwaruzo wa msasa wangu. Mistari yote ipo, ungeweza kuihesabu. Gundi ilijaa kila mfereji, ikaingia kila tundu, ikaganda kama ilivyoahidi, isipokuwa jambo moja dogo tu, la kushika.

Nikapiga simu. Namba ipo kwenye pakiti, chini ya maneno "tuko tayari kukuhudumia". Aliyepokea nikamsalimia vizuri, nikamweleza vizuri, nikamwita kaka. Hata sijamaliza, akanikatiza: "Ulisafisha?" Nikamwambia nilisafisha, nikataja na spiriti. "Ulipiga msasa?" Nilipiga. "Msasa gani?" Namba 80. Kimya kidogo, halafu: "Kaka, wewe ni fundi?" Nikasema hapana, mimi ni mteja. Akasema, "Basi mpelekee fundi. Wengine wanaitumia na hawalalamiki." Nikamuuliza, kaka, hebu niambie tu, hii gundi inashika plastiki ya tangi la rejeta au haishiki? Akanijibu kwa nyodo ambazo bado nazisikia: "Tangi likipasuka si unanunua tangi jingine?" Akakata.

Mtu anayeuza gundi ananiambia kitu kikipasuka nitupe ninunue kingine! Sasa gundi anamuuzia nani?

Ndipo nikarudi kwenye pakiti nikaifungua yote. Ndani kuna kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, lugha chungu nzima, herufi ndogo kuliko chembe ya sukari. Karibu na mwisho, baada ya onyo la kutogusa macho na la kuweka mbali na watoto, kuna mstari mmoja: haifai kwa PE, PP na PTFE. Mstari mmoja, hauna hata rangi.

PTFE ni ile ya vikaango visivyogandisha, hiyo sina ugomvi nayo, hakuna anayetarajia kuigundisha. PE ni polithini. PP ni polipropilini, na polipropilini ndiyo plastiki inayotumika kwa wingi kuliko zote kwenye magari. Mabampa mengi ya siku hizi ni PP iliyochanganywa na mpira ili yasivunjike kirahisi. Kasha la betri ni PP. Mikinga matope ya ndani ya matairi, vibebea vya dashibodi, kasha la chujio la hewa, mara nyingi ni hiyo hiyo. Na tangi langu. Nililigeuza nikakuta herufi zimechongwa chini, PP, katikati ya mishale miwili inayotazamana, jinsi kiwango cha ISO 11469 kinavyotaka sehemu za plastiki ziwekewe alama. Kwa hiyo gundi ya "plastiki zote" yenye picha ya bampa, ukisoma kikaratasi, haishiki bampa. Sijui mwingine angeliitaje jambo hili. Mimi nasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sababu yake wala si siri ya maabara. Polipropilini ni kaboni na haidrojeni tupu, uso wake una tabia ya nta, hauna pa kukamata. Dondosha tone la maji juu yake litajikunja libaki duara, halitaenea. Gundi nayo inafanya vivyo hivyo: inakaa juu bila kulowesha, ikiganda inakuwa imelala tu pale. Msasa unasaidia kidogo, kwa kuipa mifereji ya kujing'ang'aniza, lakini plastiki ikishatanuka kwa moto na gundi ngumu isitanuke kwa kiasi kile kile, mifereji haitoshi. Supagluu ya kawaida nayo ina shida hiyo hiyo, na moto wa maji ya rejeta kwayo ni mkali mno. Wanaoimwagia baking soda wanapata jiwe gumu mara moja, ni kweli, lakini juu ya PP jiwe hilo nalo litadondoka.

Halafu nikaiokota sirinji tupu ili niitupe. Chini yake kuna alama ya pembetatu ya mishale, ndani yake namba 5. Namba 5 ni PP. Wameitia gundi yao ndani ya plastiki ile ile wanayojua fika kwamba haishikani nayo! Wanajua. Wanajua vizuri, maana wenyewe wameiandika kwenye kikaratasi. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Sasa niseme haki, maana mtu akinisoma hapa atadhani gundi hii ni uji. Kifuniko cha kioo cha pembeni cha gari hili hili kilipasuka siku za nyuma, kipande kikachomoka kabisa. Nyuma yake kumeandikwa ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu. Nilitumia mabaki ya sirinji ile ile, maandalizi yale yale, msasa ule ule. Kimeshika mpaka leo. Kimeoshwa, kimepigwa jua, kimekunjwa na kukunjuliwa kwenye maegesho, hakijasogea. Nilijaribu kukibandua kwa makusudi, kwa ubishi tu, nikashindwa. Kwa ABS nitainunua tena hii gundi bila kuuliza, ingawa kwa ABS kuna njia nyingine pia: asetoni inaiyeyusha, na wapo wanaoloweka vipande vya ABS ndani ya asetoni mpaka vinakuwa uji mzito wa kujazia ufa. Tahadhari tu, asetoni hiyo usiipeleke kwenye taa za mbele. Zile ni polikaboneti, itazipasua nyufa ndogondogo na kuzitia ukungu. Na kwenye PP asetoni haifanyi lolote, unapoteza muda.

Kwa hiyo gundi ni nzuri. Pakiti ndiyo mwongo. Nilikuwa tayari kuishia hapo, hata nyota tatu nilishaziandika.

Tangi lenyewe nimeliziba kwa moto, si kwa gundi. Fundi mmoja mtaratibu, hakuniuliza kama mimi ni fundi, alilitazama chini, akasoma PP, akakata utepe mwembamba kutoka kwenye bampa bovu lenye alama inayoendana, akauyeyusha ndani ya ufa kwa chuma cha kulehemia nyaya, polepole, plastiki ya tangi na ya utepe zikakolea pamoja. Hicho ndicho PP inachokubali, kuyeyushwa na ndugu yake. Aliniambia wazi kwamba ni ya kunisogeza tu, kwa sababu plastiki iliyozeeka kwa moto itapasuka pengine, pembeni ya alipochomelea, na tangi jipya nilitafute. Kumbe ni jibu lile lile la kijana wa simu! Tofauti ni kwamba huyu alianza kwa kulishika tangi mkononi. Aliniambia pia zipo gundi maalumu za akriliki za sehemu mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya PP na PE, na zipo praima za kupaka kwanza ili gundi ya kawaida ipate pa kushika. Kwa bampa angezitumia. Kwa tangi la maji ya moto yenye presha, alitikisa kichwa.

Kwa hiyo nikisema usinunue, nitakuwa naongopa. Nunua, ila geuza kwanza hicho kilichovunjika utafute alama. Ikiwa ABS, paka na ulale usingizi. Ikiwa PP, PE, au mchanganyiko unaoanza na PP, iache dukani. Isipokuwa na alama, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana ukitie majini: PP na PE tupu huelea, ABS huzama. Bampa lililotiwa unga wa talki linaweza kukudanganya, lakini kwa matangi na makopo jaribio hili hukupa mwanga. Nusu dakika ya kazi. Wao, wenye wahandisi na mashine za kuchapa picha za mabampa, walishindwa kuliandika mbele ya pakiti.

Nikiwa natafuta neno la kumalizia, simu imelia. Ujumbe. "Ndugu mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Je, umeridhika na huduma uliyopewa? Jibu 1 kwa NDIYO, 2 kwa HAPANA." Nimejibu 2. Umerudi ujumbe mwingine: "Asante kwa kuridhika na huduma yetu."

Zile nyota tatu nazifuta. Moja, na hiyo moja ni ya kifuniko cha kioo.