Karavani ufukweni: kufuli la gurudumu au GPS?

Tukitoka Mwanza kwenda Lamadi, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na karavani (kile kijumba cha magurudumu cha kulala safarini) nyuma ya gari, ubishi ni ule ule: ili isiibiwe, hela iende kwenye kufuli la gurudumu au GPS, kile kiboksi cha kuonyesha karavani iko wapi?

Mimi niko upande wa kufuli. Ile pingu ya chuma ya njano inakumbatia tairi, na sahani yake inafunika nati. Mwizi anaiona akiwa bado mbali. Kuivunja kunawezekana, maana grenda hukata karibu chuma chochote, ila grenda hupiga kelele, na Lamadi usiku unasikia hata viboko wakipanda nchi kavu kula majani. Kero yake ni uzito. Na mchanga ukiingia kwenye tundu la ufunguo utahangaika asubuhi nzima. Mimi huliziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

GPS haizuii wizi. Inajua ilipo kwa satelaiti, kisha inakutumia taarifa kwa laini ya simu, kwa hiyo bando likiisha au mtandao ukikatika, umebaki na kiboksi tu. Ukikificha nyuma ya bati, mawimbi hayapiti vizuri. Nyuma ya mbao ni afadhali. Uzuri wake: karavani ikivutwa saa nane usiku, simu inalia kabla haijafika Magu.

Mwenye hela ya kimoja, anunue kufuli. Ila kama dirisha la nyuma halifungi sawasawa, vyote viwili havikusaidii; jiko la gesi hupitishwa hapo hapo.