Maia: roboti ya sataranji inayokosea kama mimi

Kila Jumapili shemeji ananifunga kwa farasi yule yule. Anamrusha mraba wa c7, shaha kwa mfalme, na ngome yangu ya pembeni inaliwa. Ndiyo maana nilianza kufanya mazoezi kwenye simu, usiku nikishafunga duka.

Mwanzo nilicheza na Stockfish, programu ya sataranji yenye nguvu kupita binadamu, ikiwa imepunguzwa nguvu. Ni kama kucheza na bingwa aliyelewa: hatua kumi za maajabu, halafu anakuachia malkia hivi hivi. Sijaona mtu anayekosea namna ile.

Maia ni habari nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft Research, waliomtambulisha mwaka 2020, hawakumfundisha kushinda. Walimlisha michezo ya watu waliocheza Lichess, tovuti ya sataranji, milioni 12 kwa kila kiwango, kuanzia alama 1100 hadi 1900, ili abashiri mtu wa kiwango hicho angesogeza kete gani. Hapigi hesabu za mbele. Anatazama ubao, anacheza. Karibu nusu ya hatua huzipatia.

Nilianza na maia1, yule wa kiwango cha 1100. Mchezo wa pili nikamtegea farasi wa shemeji. Akaingia mzima mzima! Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Maia5, wa kiwango cha 1500, hakuingia.

Ila usidanganyike na hiyo 1100. Maia1 huchagua hatua ambayo wengi wangeicheza, kwa hiyo uzembe wa mtu mmoja mmoja unamezwa na wengi, naye anakuwa mgumu kuliko namba yake. Mimi bado ananifunga. Ni bure, hakuna matangazo, na bando hali kitu.

Kinachonikera ni kwamba huyu ni umati, si mtu. Watafiti hao hao walikwishapiga hatua: waliunda modeli inayomtambua mchezaji kati ya maelfu kwa michezo yake 100, na mwaka 2022 wakaonyesha jinsi ya kumnoa Maia aige mtu mmoja. Lakini kwenye Lichess hakuna kitufe cha hilo, na ili aige vizuri anataka maelfu ya michezo ya mtu huyo.

Shemeji, ambaye Maia wake ndiye ninayemtaka, anachezea barazani kwenye ubao wa mbao, na haandiki kitu.