Drip ya salaini nampa nyota tatu, Ringer nne, na sababu ni hizi

Mimi ni nesi upande wa dharura hapa Mombasa, na mifuko hii miwili ya maji ya mshipani naishika kila zamu: salaini ni maji ya chumvi tupu, Ringer ni maji ya chumvi yenye kalsiamu na lakteti pia, yafanane zaidi na damu. Hapa kwetu joto likipanda mtu akihisi mwili mzito yuwaja mbio, nesi niwekee maji, na ukimwambia kunywa ORS, yale maji ya chumvi na sukari, aona umemnyima huduma. Mamangu, kama yakaa tumboni basi kunywa, ORS yatosha, drip tuiwache kwa asiyeweza kunywa ama aliyekauka sana.

Sasa salaini. Lita moja ina chumvi gramu 9, yaani kloridi, sehemu moja ya chumvi, milimoli 154, na damu ya mtu hukaa kwenye mia moja hivi. Mfuko mmoja kwa mtu mwenye figo nzuri hauna neno. Shida ni yule wa ajali ya bodaboda, ama mwenye maambukizi yaliyoingia kwenye damu, presha imeshuka na lita tatu nne zinaingia haraka haraka, hapo damu yaanza kuwa na asidi na mishipa ya figo inabana. Kule Nottingham, Uingereza, walichukua watu wenye afya zao wakawapa lita 2 kwa saa moja, na matokeo ya 2012 yakaonyesha salaini inapunguza damu inayofika kwenye figo, yale maji mengine yaliyotengenezwa yafanane na damu, wenzake Ringer, hayakufanya hivyo. Na hao hawakuwa wagonjwa!

Halafu kuna seli nyeupe za damu, na hapa ndipo roho yangu huuma. Mtu akimwaga damu nyingi zile ziitwazo nyutrofili huwa zishachemka tayari, ukimjaza maji mengi zinazidi, zanata kwenye kuta za mishipa midogo, zapenya kwenye mapafu na kumwaga sumu ya kuulia bakteria, ila sasa inachoma mapafu ya mgonjwa mwenyewe. Ndio waweza kuona presha imerudi, jamaa zake wameshukuru Mungu, kesho yake pumzi zahangaika. Na Ringer nayo sitaipendelea, kwenye maabara na kwa wanyama ile yenye lakteti ya aina mbili ilizichokoza nyutrofili vibaya, yenye aina moja tu, ile ya mwili wenyewe, ilikuwa afadhali. Salaini kali, yenye chumvi asilimia 7.5, ilizituliza kwa wanyama, ikatiliwa matumaini makubwa, lakini kwa majeruhi haikuokoa watu zaidi ya ile ya kawaida.

Mbona basi tofauti ni nyota moja tu? Kwa sababu utafiti wa Marekani wa 2018, wagonjwa zaidi ya 15,000, ulimpa Ringer na wenzake ushindi mdogo, hasa kwa figo, lakini wa Brazil 2021 na wa Australia na New Zealand 2022 haukuona tofauti ya vifo. Lazima niseme ukweli wote.

Kitu ambacho ningetaka kila mzazi wa Pwani akijue ni utafiti wa FEAST, uliotoka 2011, na Kilifi hapa jirani ilikuwemo, pamoja na Uganda na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, si wa kuharisha. Waliomiminiwa maji haraka, iwe salaini ama albumini (maji yenye protini ya damu), walikufa kama 10 ama 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa walikufa 7. Kwa hivyo ukiona tunamwekea mwanao taratibu, twapima, twarudi kumuangalia pumzi, usitugombeze, na usimuombe mtu afungue drip ikimbie.

Mtoto wa kuharisha aliyekauka kabisa ni habari nyingine, huyo twampa haraka na twampa Ringer, mililita 100 kwa kila kilo kwa saa chache, kipindupindu hakingoji.

Na kuna mahali salaini ndiyo mwenyewe. Aliyeumia kichwa, aliyetapika mpaka asidi ya tumbo ikaisha, kuchanganyia dawa, na mtu anapoongezwa damu, maana Ringer ina kalsiamu na yaweza kugandisha ile damu ndani ya mpira, hapo Ringer mie siigusi kabisa.