Nimebadilisha betri ya JBL Charge 3 Kariakoo: uzoefu wangu

Spika yangu ni JBL Charge 3, toleo lililoingia sokoni mwaka 2016. Kazi yake kubwa ni kwenye klabu yetu ya jogging huku Temeke. Jumamosi alfajiri inaingia kwenye begi la mgongoni la mmoja wetu, muziki unapigwa njia nzima, na tukifika kiwanjani inawekwa chini kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Imelowa jasho na mvua, imekula vumbi la kila aina, na sauti yake bado ni ileile iliyonifanya niipende. Kilichochoka ni betri tu.

Dalili zenyewe zilikuwa hivi. Taa za chaji zinaonyesha imejaa, ukiiwasha inapiga vizuri kwa sauti ya chini. Pandisha sauti, besi igonge mara mbili tatu, inazima. Iwashe tena, taa bado zinasema chaji ipo. Hapo ndipo wengi wanaamua spika imekufa, wanaiuza kwa bei ya kutupa. Kabla hujafika huko, ichomeke kwenye chaja nzuri, iache kidogo, halafu piga wimbo uleule kwa sauti ileile. Yangu ikiwa kwenye chaja haikuzima kabisa, nikajua amplifaya ni nzima. Betri ya lithiamu ikizeeka, pamoja na kushika chaji kidogo, ukinzani wake wa ndani unapanda. Besi inapovuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinaporomoka na saketi ya ulinzi inakata. Ndiyo maana kwa sauti ndogo utadhani haina tatizo lolote.

Nilianza kuulizia mitaa ya Aggrey. Fundi wa kwanza aliangalia spika, akatoa kwenye droo betri mbili za duara, zile za 18650 zinazotumika kwenye tochi na power bank, zimeandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kushika) kila moja. Akasema atazifunga pamoja, nitasahau habari ya chaji. Nilishukuru nikaondoka. Betri ya saizi hiyo, hata ya kampuni bora kabisa, inazunguka kwenye 3500 au zaidi kidogo. Ukiona 9900 jua ni maandishi tu. Ishike mkononi: nzima ina uzito wa gramu 45 hivi, na hizi za maandishi makubwa mara nyingi ni nyepesi kuliko hapo. Tena sehemu ya betri ndani ya Charge 3 ni bapa. Kulazimisha za duara humo ni kubana nyaya na kuacha kitu kinatikisika ndani ya boksi linalotakiwa kutulia.

Betri inayotakiwa ni bapa, volti 3.7, 6000 mAh, kwenye lebo utasoma pia wati-saa 22.2. Namba ya kutafuta ni GSP1029102A. Kuna wanaouza ya umbo hilohilo wakidai uwezo mkubwa zaidi, mimi nikachukua iliyoandikwa namba sawa na ya zamani. Nililipa shilingi 60,000 kwa betri na 20,000 kwa ufundi, na nilipata fundi aliyekubali nikae pembeni yake nitazame kazi mwanzo mpaka mwisho. Kwa kazi ya namna hii, kwangu hilo ni sharti.

Kuifungua kulichukua muda kuliko nilivyotegemea. Hakuna skrubu hata moja inayoonekana kwa nje. Fundi alitumia kipande cha plastiki kuachanisha maungio taratibu, akihama kidogo kidogo, hakugusa kisu. Ndani skrubu ni za kichwa cha nyota na ni nyingi, akazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio uleule alivyozitoa. Betri ya zamani ilikuwa imevimba katikati, imejaa kama mto, na imeshikwa na gundi. Hapa nampa sifa zake. Hakuichokonoa kwa bisibisi. Alidondoshea spiriti kidogo pembeni, akasubiri, akapitisha kadi ya plastiki chini yake mpaka ikaachia yenyewe. Betri iliyovimba ikitobolewa inaweza kuwaka moto papo hapo, na ukimwona fundi anaing'oa kwa chuma, mwambie aache.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike haya yote. Plagi ya betri mpya ilikuwa na umbo lilelile na ingeingia kwenye soketi bila shida. Fundi hakuichomeka. Aliziweka plagi mbili, ya zamani na mpya, zikitazamana juu ya meza akaniita: "Dada, angalia nyaya nyekundu." Kwenye ya zamani zilikaa upande mmoja, kwenye mpya zilikaa kwingine. "Ukiichomeka hivi hivi bodi imekwenda." Spika hizi zimetengenezwa kwa mpangilio wa nyaya usiofanana, ingawa kwa nje ni zilezile na jina ni lilelile. Akachukua mita, akapima betri mpya, ikasoma volti 3.8 na ushee, akathibitisha ipi chanya ipi hasi kwa kipimo, si kwa rangi peke yake. Halafu kwa ncha ya sindano akainua kile kiulimi cha plastiki kinachoshikilia kila pini, akavuta waya mmoja, akauzungushia solotepu ili usimguse mwenzake, ndipo akavuta wa pili. Alizipanga nyaya upya mpaka plagi mpya ikafanana na ya zamani pini kwa pini, pamoja na ule waya mwembamba wa kupima joto. Hakuna kulehemu, hakuna kukata. Angekuwa mtu wa haraka, ningerudi nyumbani na bodi iliyoungua na betri mpya isiyo na kazi.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na picha ya plagi ya betri yako, au mwambie fundi aifungue kwanza ndipo mnunue. Muuzaji mwelewa hatakushangaa.

Kabla ya kufunga alisafisha mpira wa kuzuia maji kwa kitambaa, akaukalisha kwenye mfereji wake kwa kidole, mzunguko mzima. Alipomaliza skrubu alinionyesha kipimo ambacho sikuwa nakijua: bonyeza polepole kisahani cha besi cha upande mmoja, na cha upande wa pili kinatakiwa kutoka nje na kubaki hapo wakati umebonyeza. Kikirudi chenyewe taratibu, kuna mahali hewa inavuja, na besi itapoteza nguvu au kuanza kukoroma. Changu kilibaki. Hata hivyo kiwango cha IPX7 ilichotoka nacho kiwandani, cha kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, mimi sikihesabii tena. Manyunyu sawa, lakini bwawani haiingii.

Matokeo ni mazuri kuliko nilivyothubutu kutegemea. Kampuni inataja saa 20 za muziki, na hizo ni za sauti ya wastani. Sisi tunaipiga kwa nguvu nje, na sasa inamaliza mazoezi, inakwenda kwenye chai ya pamoja, na inarudi nyumbani ikiwa na taa zaidi ya nusu. Ile tabia ya kuzima besi ikigonga imekwisha. Inachaji simu tena, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Kuijaza kutoka chini kunachukua zaidi ya saa nne kwa chaja ya ampea 2, na hapo haina tofauti na ilivyokuwa mpya.

Kwa jumla ya elfu themanini nimeibakiza spika ambayo mpya ya daraja lake inauzwa mara kadhaa ya hapo, tena katika soko lililojaa feki zenye nembo ileile. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mwaka 2023 kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na natamani sana matoleo hayo yafike na kwetu. Spika yangu ijayo nitaangalia hilo kabla ya kusikiliza besi.

Betri ya zamani aliibandika solotepu kwenye pini na kuiweka pembeni, mbali na betri nyingine. Ya kwako usiitupe kwenye taka zinazochomwa moto.

Kilichobaki ni tundu la chaja, ile micro USB, ambalo limelegea na waya unahitaji kushikwa upande. Fundi ameshaniambia atalibadilisha kwa elfu kumi na tano, na nitampelekea yeye huyohuyo.