Ultrasaundi ya ng'ombe: kabla hujalipa, kagua shingo ya waya

Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa pesa za kikoba, na ilikuwa na miezi saba tu iliponiaibisha. Nilikuwa Rungwe, zizini kwa mama mmoja, napima ng'ombe siku ya 32 tangu apandishwe. Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili myeusi imeshuka toka juu hadi chini. Nikadhani ni kinyesi. Nikasema, "Mama, hana kitu," nikamchoma yule ng'ombe homoni ya prostaglandini arudi kwenye joto. Siku chache baadaye akatupa mimba.

Ile mistari ilikuwa nyuzi zilizokatika ndani ya waya, pale unapoingia kwenye probu, kile kichwa cha kupimia. Mimba ya siku 30 ina urefu wa sentimita moja hivi, imeelea kwenye maji meusi, na moyo wake unapepesa tu. Mstari mmoja unatosha kuificha.

Kwa hiyo ukubwa wa skrini na saa za betri muulize muuzaji, atakuimbia hadi uchoke. Hakikisha tu umepewa probu ya mstari ulionyooka, ya kupitisha njia ya haja kubwa, megahezi 5 hadi 7.5. Ile ya mviringo ya kupimia juu ya tumbo, kwa mimba changa ya ng'ombe, haifai.

Kisha ishike ile shingo, pale waya unapoingia kwenye probu. Ng'ombe akijibana au akigeuka, ndipo waya unapokunjwa, kila siku, kwenye kinyesi na maji. Dukani, washa mashine, probu ikiwa kavu, pitisha ukingo wa klipu ya karatasi taratibu kwenye uso wake toka mwanzo hadi mwisho. Mwanga uifuate klipu bila kukatika. Rudia huku mwenzako akiukunja waya kidogo shingoni. Ukiona giza mahali, ondoka.

Sasa mashine zenyewe. Chaguo langu la kwanza ni Draminski iScan ya Poland, na siwafichi kwamba naipenda. Yangu iko mwaka wa tatu, imeshaogeshwa kinyesi cha mitamba wa kila aina, na klipu bado inapita safi.

Ya pili ni Easi-Scan ya IMV Imaging. Unaivaa mwilini, na ukiwa na miwani yake inayoonyesha picha, jua halikusumbui na mkono mmoja unabaki huru. Bei ndiyo iliyonishinda.

Ya tatu, iliyotumika Ulaya, ila kwa muuzaji anayekubali uipime kwa klipu. Za bei ya chini zimejaa mtandaoni. Nunua pale tu probu ya akiba inapouzwa peke yake.

Na hawa wauzaji! Bei "njoo inboksi", kila mteja na yake. Waranti mwaka mzima, lakini ukirudi unaambiwa waya na probu havimo, "umeuvuta mwenyewe." Ng'ombe gani huyo atakayesimama kama meza? Probu ndiyo yenye pesa nyingi kwenye mashine nzima, halafu ndiyo wanayoiacha nje. Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikatoka dukani na mashine mkononi, na bado nilikuwa nadaiwa kikoba. Yule mama nilimpandishia ng'ombe wake tena bure, na siku ya 30 na ya 60 nilikwenda mwenyewe kumpima huyo ng'ombe.

Wakuandikie kwenye risiti: waya na probu vimo kwenye waranti. Wakigoma, funga pochi.